Bakuli Lililorudi Tupu

Guangzhou, Jumapili ya Machi

Leo kuta zinatoka jasho. Ndio msimu wake huu: taulo halikauki, mkate unaota ukungu kabla hujaumaliza, na roho yangu imechacha kama uji wa juzi. Sijui namwandikia nani, lakini nisipoandika nitapasuka.

Asubuhi nimekuta bakuli langu limetundikwa kwenye kitasa cha mlango, ndani ya mfuko wa plastiki. Limeoshwa likatakata.

Tupu.

Bakuli hilo nilimpelekea Rehema, jirani yangu wa mlango wa pili na mfanyabiashara mwenzangu, juzi Ijumaa, likiwa limejaa makande. Rehema ni wa Mombasa, mimi ni wa Singida, na tangu tuanze kuishi ghorofa moja hatujawahi kurudishiana chombo kitupu. Makande yangu huyacheka, "Nyinyi watu wa bara mwapenda kujaza tumbo tu!", halafu anayamaliza, na bakuli linarudi na mahamri au viazi karai. Siku moja hakuwa na kitu, akaniwekea sukari kidogo kwenye karatasi. Ndivyo tulivyolelewa, yeye kwao na mimi kwetu.

Kwa hiyo utupu ule niliuelewa mara moja. Nilidhani nimeuelewa.

Hasira zikanipeleka kwenye kitabu changu cha katuni. Ni katuni za zamani za Kijapani zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, visanduku vinne kila moja. Nilikipata duka la vitabu vya mitumba. Kuna moja naipenda kupita zote. Mama wa nyumbani kaletewa chakula na jirani, sasa anataka kurudisha bakuli. Anafungua kabati, hamna kitu. Anachungulia mtungi, hamna. Mwishowe anatia kiberiti ndani ya bakuli, anatoka mbio huku uso umemshuka. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka machozi. Kumbe na wao!

Lakini chini ya katuni kuna maelezo kwa herufi ndogo, kwamba zamani Wajapani hawakurudisha chombo kitupu. Zamani! Kichekesho kikishahitaji maelezo, ujue desturi imeshazikwa. Wakubwa waliandikiwa vita vyao na mikataba yao; kiberiti ndani ya bakuli angekiandika nani? Mchoraji tu, na wala hakuwa anahifadhi kitu, alikuwa anatafuta watu wacheke wakinywa chai. Kurasa za mbele kuna majirani wanasuguana migongo kwenye bafu la mtaa, kuna mtaa mzima umetoa mikeka nje siku moja kuikung'uta vumbi. Nani anafanya hivyo leo?

Na za kwetu je, kazichora nani? Katuni ile niliwahi kumwonyesha binti mmoja wa Nairobi, ninayekutana naye kwa bosi wa kiwanda cha jinzi kule Xintang, tunakonunua mzigo. Aliikodolea macho, akaniuliza, "Sasa auntie, si angerudisha tu bakuli? Shida iko wapi?" Nikakifunga kitabu.

Basi leo nikajisemea, Rehema naye kashaingia kundi hilo. Keshakuwa mtu wa jiji, wa kukaa mlango kwa mlango na kujuana kwa viatu vilivyoachwa nje tu. Nilikwenda kanisani nimenuna, nikarudi nimenuna. Nilitaka nipite kwake bila kupiga hodi, makusudi kabisa.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani mafundi wawili walikuwa wanapaka rangi. Hakuna kitanda, hakuna sufuria, hakuna pazia.

Huyu ndiye aliyenikokota mpaka hospitali nilipoumwa kidole tumbo, wakati ndugu zangu wananitumia pole kwenye simu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ya karibu niliyokuwa nayo ni yeye.

Nikapiga simu mpaka usiku, ndipo akapokea. Yuko Addis, anangoja ndege ya pili. Viza yake imekataliwa kuongezwa, na kila siku alikuwa anajiambia kesho atanieleza. Mzigo wa mwisho umeshatoka bandarini Nansha, vyombo kauza vyote.

"Alfajiri nilisimama mlangoni kwako, mwenzangu," akaniambia. "Bakuli mkononi, na nyumbani sina hata chembe ya sukari. Nikaona haya. Nitakugongeaje na chombo kitupu?"

Nilikuwa ndani. Nilikuwa macho, nimekaa kitandani nasubiri maji yachemke.

Desturi niliyoilia asubuhi nzima kuwa imekufa, kumbe iko hai. Na ndiyo iliyoninyima kuagwa.

Nikamwambia hamna neno, dada, ufike salama.

Lipo neno. Tena kubwa. Mabakuli yamejaa sokoni, hata angelivunja ningenunua jingine. Nilitaka anigongee mikono mitupu hivyo hivyo, nimwone.