Jedwali la Saba

Mdogo wangu kipenzi,

Pokea salamu za dada yako ambaye bado anajiangalia pete akiosha vyombo. Hujambo lakini? Na Mama, goti limetulia, au bado anapanda ngazi huku akizigombeza? Sisi wazima. Ndoa ni tamu, wewe! Kila asubuhi nikimwona shemeji yako anafunga tai mbele ya kile kioo chetu kilichopasuka, najiambia moyoni, huyu ni wangu, hata hiyo tai ni yangu. Usinicheke. Yakikufika wewe utaandika makubwa kuliko haya.

Lakini sikukaa kuandika mapenzi tu. Tafuta pahali pa kukaa ndipo uendelee kusoma.

Unakumbuka kwamba hata zawadi za harusi hatujafungua, mume wangu akaitwa semina ya wakuu wa shule, wafundishwe ufundishaji wa kibunifu. Nilinuna kweli. Akaondoka mwalimu mkuu, akarudi mtoto. Mkufunzi wao, mama mmoja mwenye sauti ya upole, aliwakalisha sakafuni na suti zao, akawapa udongo, maboksi na magazeti ya zamani, akawataka wafundishe hesabu za sehemu bila chaki wala ubao. Mkuu mmoja aligoma, akasema hakusoma miaka yote ile ili aje kufinyanga. Wangu alitengeneza kofia ya gazeti, akaikata robo, na zile robo tatu zilizobaki akanivika mlangoni aliporudi, akasema mimi ndiye malkia wa robo tatu. Nilicheka mpaka nikaishiwa nguvu.

Kazi waliyopewa kuipeleka shuleni ilikuwa hii: kila darasa litunge mchezo kuhusu jambo ambalo watoto wanalijua na wakubwa hawalijui. Mkufunzi aliwaonya kwamba mkuu akishaufungua mlango huo asije akaufunga kwa sababu ameona asichokipenda. Walimu wake walimkejeli, wakambatiza Baba Vikaragosi. Aliyemtetea alikuwa mmoja tu, Makamu wake, yule msimamizi wetu wa harusi, rafiki yake tangu chuoni. Aliwaambia wamwache bwana harusi acheze, fungate halijaisha.

Siku ya maonyesho wazazi walijaa ukumbini. Nilivaa lile gauni la kijani, nikaketi safu ya mbele, na Makamu kando yangu akinitania kwamba naangalia mume badala ya jukwaa. Wadogo waliigiza paka mwizi, tukacheka. Kisha wakapanda darasa la nne.

Msichana mmoja alivaa koti kubwa na miwani ya waya, akawa mwalimu. Akamwita mwenzake kwa kidole, akamtuma stoo akalete chaki, kisha mwenyewe akamfuata. Kabla ya kufunga mlango wa boksi aliliambia darasa lisome jedwali la saba kwa sauti, asisikie mtu amenyamaza. Wakaanza. Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Nyuma ya boksi fimbo ilikuwa inapiga kiti, na kila ilipotua wao walipaza sauti ili kisisikike kilio. Watu wakacheka. Mume wangu naye alicheka, Mungu amsamehe. Kisha yule aliyetumwa chaki akatoka, mkono ameubana kwapani, anatabasamu. Mwalimu akamwambia atabasamu vizuri zaidi. Darasa likapiga makofi.

Makamu aliinuka akatoka, koti lake begani, miwani yake ya waya mkononi.

Mume wangu hakuufunga mlango. Aliwasikiliza watoto mmoja mmoja, mama zao wakiwa pembeni, akapeleka taarifa ofisi ya elimu. Malipo yake amesimamishwa kazi, na nyumba hii ya shule tumeambiwa tuiachie. Makamu anadai watoto walifundishwa uongo kwa michezo ya semina. Ofisi inasema maigizo si ushahidi. Wazazi wameingiwa na hofu, na yule mtoto wa mkono kwapani baba yake amemhamisha. Shemeji yako anashinda amekaa juu ya maboksi ya zawadi, nami nakaa naye nimemshika mkono. Hata hapo nampenda mpaka naona aibu. Afisa mmoja alimnong'oneza kwamba kesi itasimama tu akipatikana mtu mzima aliyepita mikononi mwa Makamu zamani, kabla ya semina yoyote.

Mdogo wangu, kabla ya kuja huku Makamu alifundisha shule yako. Ndiko alikonijua mimi, nikija kukungoja getini, na ndiye baadaye aliyenitambulisha kwa mume wangu. Siku ile ulitoka mkono kwapani, unatabasamu, ukasema umeanguka kwenye ngazi. Yeye alikuwa nyuma yako. Alinipa pole kwa adabu zote. Vidole vyako viwili havikunyooka tena, ukaacha shule, nyumbani tukakuita mvivu. Na harusini, aliposimama kutoa nasaha, wewe ulitoka nje nami nikakununia. Pale safu ya mbele niliuona mkono wako jukwaani.

Mume wangu hajui. Nikimwambia atakuwa na haja nawe, na sitaki mtu awe na haja nawe kabla hujaulizwa unataka nini. Basi nakuuliza. Ukisema hapana, tutabeba maboksi yetu tukapange chumba, nami nitampenda humo humo, na neno hili halitanitoka. Ukisema ndiyo, siku ya kusema nitakaa upande wako wa kushoto, kwenye mkono huo.

Msalimie Mama, mwambie ngazi hazina kosa. Shemeji yako anakukumbuka. Nami nakubusu mashavu yote mawili, na vidole vyote. Tukionana, usinitabasamie mpaka utakapotaka mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Malkia wa Robo Tatu