Mlima Ulioshuka Barabarani

Kitengela,
Jumapili.

Baba mpendwa,

Nainamisha kichwa unibariki kabla sijasema neno. Natumaini miguu imepunguza kuuma, na ng'ombe wamepata nyasi baada ya mvua ya juzi. Huku tuko wazima. Maji ya bomba bado ni ya bahati, lakini watoto wanaenda shule. Mama yetu, Yeyo, alifika salama Ijumaa.

Barua hii anakuletea Musau, yule wa lori la nyasi. Ningekuja mwenyewe, lakini kila nikija Kajiado na kuanza habari za ndugu yangu Simel, unasimama unaenda kwa ng'ombe. Barua unaweza kuisoma hata huko zizini.

Tangu mtetemeko ule wa Chile, umekuwa ukituambia kwamba Simel mwenyewe alikufundisha kuwa mitetemeko ya huko haiui. Nakumbuka, ilikuwa likizo yake ya mwisho. Alikueleza kuwa kule anakofanya kazi, sakafu ya bahari inaingia polepole chini ya nchi kavu. Ikizidi kuzama inajikunja, inavutwa na uzito wake, mpaka ndani yake kunajaa msongo ambao siku moja lazima uivunje. Ulimuuliza kama haogopi. Alicheka, akasema mivunjiko ya chini namna hiyo iko mbali sana, mara nyingi nguvu zake zikifika juu zimepungua. Nafikiri alisema hivyo ili upate usingizi.

Felix, aliyekuwa akifunga mitambo pamoja naye, alinipigia simu. Alisema ni kweli mtetemeko ulianzia chini sana, na nyumba nyingi hazikuanguka. Lakini mvua ilikuwa imelowesha mlima wiki nzima. Ardhi ilipotikisika, upande mzima ulishuka ukafunika barabara, na Simel alikuwa ametangulia na gari. Felix alichimba kwa mikono mpaka wenzake wakamwondoa kwa nguvu.

Najua ulikataa kusikia hayo kwa sababu hapakuwa na mwili. Ulitukataza kunyoa nywele za msiba, ukamrudisha pasta langoni. Mpaka leo mlango wa nyumba ya Simel huufungi. Sikulaumu, Baba. Lakini Yeyo huja kwangu kulia. Siku ya kurudi Kajiado ananawa uso, anakaa kivulini mpaka macho yapoe, usije ukajua.

Kwa hiyo tulifanya jambo bila kukuuliza. Mimi na Yeyo tulienda Nairobi tukatolewa damu, ikapelekwa kule ilinganishwe na mifupa iliyopatikana walipofukua barabara ile. Majibu yalikuja Alhamisi. Ni yeye, Baba.

Ukikasirika, nikasirikie mimi, si Yeyo. Lakini ataletwa mwisho wa mwezi huu, na sitaki ufike uwanja wa ndege ukiwa mtu pekee anayemngojea akiwa hai.

Nisalimie Nalangu na majirani wengine wote wa hapo. Yeyo anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Jumamosi tutakuja pamoja naye na watoto. Siku hiyo nakuomba mtu mwingine apeleke ng'ombe malishoni. Wewe kaa nyumbani utungoje, tulie pamoja.

Mungu akushike mkono.

Ni mimi binti yako,
Naisula.