Kiraka Kwenye Picha ya Kondo

Temeke,
Mei 1954

Kwako mdogo wangu Tunu,

Salamu zako za Kigamboni zimenifikia, marahaba. Natumai wewe na shemeji Mwishehe mnafunga mkiwa wazima. Sie hatujambo, ila mie usingizi umenipotea, na sababu utaikuta humu humu.

Unazijua picha za mume wangu. Mchana Kondo anaandika vibao vya maduka, hapa na huko kwenu Kigamboni, jioni anachora vituko: samaki wenye miguu, mwanamke mwenye taa ya chemli mahali pa kichwa. Nilidhani ana shetani, nikamfukizia ubani mpaka majirani wakakohoa. Mwalimu Ansbert, jirani yetu, ndiye aliyetuambia kuwa hata Ulaya zipo, zinaitwa picha za kisurialisti, michoro ya ndoto, na kila kitu ndani yake kinasimama badala ya kingine. Ile taa, akasema, ni elimu. Nikaitikia, hata nikajivunia mume.

Juzi nilikuwa naipangusa vumbi ile picha kubwa, yule mwenye taa amelala kitandani, kitanda kiko juu ya maji. Macho yakaangukia kanga aliyojifunga. Tunu, ni ile doti tuliyogawana nilipoolewa. Kipande changu kiliungua jikoni zamani. Chako kilichanika ulipokuwa mgonjwa, nikakitia kiraka cha kaniki ya marehemu mama, kikapinda kama ndizi kwa sababu nilishona huku nalia. Ukaona haya, ukasema basi kitakuwa cha kulalia tu, hakitatoka chumbani.

Kwenye picha kiraka kipo, na kimepinda vilevile.

Nilimuuliza Kondo, akasema ni ndoto tu. Nikamwambia, "Kiraka nilichoshona mie hukukiota, Kondo. Umekiona." Akainama, akaanza kuosha brashi ambazo alikwisha kuziosha.

Kumbe yale maji ni ya kuvukia Kigamboni, na vibao vyake vya huko sasa navielewa. Mwalimu alikosea kuhusu taa. Kichwa kilifichwa ili nisikujue. Kondo nimemkasirikia, Tunu, lakini wewe niliyekubeba mgongoni umeniumiza.

Uliuliza kama mje Idi. Njooni. Picha nimeitundika ukumbini, mkabala na kiti anachopenda shemeji. Msalimie sana. Hatahitaji mwalimu wa kumweleza maana, kanga ya kulalia ya mkewe anaijua.

Ni mie dada yako,
Mwamvita