Vigae Hunywa Maji

Mjukuu wangu Chebet,

Sisi hapa Eldoret tuko salama, ila mvua imezidi na babu yako analalamikia magoti. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeniuliza kama uache huo mradi wako wa chuo, kwa sababu zege uliyochanganya na vigae vilivyovunjika ilipasuka na wenzako wakacheka. Ngoja nikuambie.

Nikiwa msichana nilikuwa napasua kokoto kwa nyundo kule Chepsaita. Siku moja tukijenga nyumba ya mwalimu, kokoto ziliisha, nikapasua vigae vya paa vilivyovunjika. Fundi, kijana wa maringo, akavichanganya vikiwa vikavu. Kumbe kigae hunywa maji kuliko ndama! Zege ikawa ngumu mapema, naye akaongeza maji, akaongeza tena, mpaka ikakosa nguvu.

Nikamwambia, "Fundi, viloweke kwanza."

"Dada, kazi yako ni kupasua," akanijibu.

Haikupita wiki, ngazi ya mlangoni ikamomonyoka kama mandazi kwenye chai. Aliibomoa mwenyewe. Kisha akaja nilipokuwa nimekaa na nyundo yangu, akachuchumaa, akauliza, "Tuviloweke kwa muda gani?"

Ngazi ile ya pili watu wanaikanyaga mpaka leo.

Kwa hivyo loweka vigae vyako, mama, ujaribu tena. Na hao wanaokucheka, usiwakatie tamaa haraka. Yule fundi ndiye babu yako, na sasa hivi amekaa hapa akinisihi nisikuandikie haya.

Nyanya yako, mpasua kokoto