Vidonge vya Koti la Pankrasi

Jumanne, 3 Juni 2025
Mume wangu karudi kutoka dukani saa kumi na moja, ulimi mzito. Kikombe cha chai kikamponyoka mkono wa kushoto — kile cha maua! Eti ganzi, baridi ya Songea. Baridi gani inayokoroga maneno? Nusu saa baadaye anaongea vizuri, anacheka. Nimemnusa mdomo kwa ujanja. Hakuna pombe. Basi kuna kingine. Naandika saa na tarehe, siku nikimbana asikatae.

Jumatano, 4 Juni
Meseji kwenye simu yake, ya Brigita: Ijumaa asubuhi usikose, nitakuwepo mwenyewe. Mwenyewe! Nimemuuliza ni nani huyo. Mteja wa mbolea, kajibu huku anajikuna sikio. Miaka kumi na tisa ya ndoa — Pankrasi akidanganya hujikuna sikio.

Alhamisi, 5 Juni
Nimefua koti lake. Mfuko wa ndani kuna vidonge, karatasi yake ina mstari wa kijani, havina boksi. Mwanaume mzima anaficha vidonge vya nini? Vya nguvu, ampendeze Brigita wake. Wivu umenipanda mpaka nikalia. Nimevitupa vyote chooni. Jioni kapekua koti mara mbili, kisha kalitundika. Na mimi nikajifanya napika.

Ijumaa, 6 Juni
Hakwenda kwa Brigita. Nilimganda dukani kutwa nzima. Nimemweza!

Jumapili, 8 Juni
Baada ya misa muuguzi katufundisha habari za kiharusi. Jina lake Brigita. Mama wa karibu miaka sitini, miwani, soksi nzito! Nilimkazia macho, sikuamini. Kasema uso ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama, ni hospitali hapo hapo, hata kama hali imepita yenyewe. Tusikae tukisema karogwa. Presha unaweza kutembea nayo miaka bila kuumwa popote, na dawa zake hazikatishwi. Wanaume wengi wa kliniki yake ya Ijumaa huzificha, wasionekane wagonjwa. Akatuonyesha vidonge. Karatasi ile ile, yenye mstari wa kijani.

Nimerudi nyumbani Ruhuwiko mbio. Pankrasi yuko mezani, wali unamdondoka. Nikamwambia inua mikono yote miwili, baba Clinton, nakuomba. Akataka kunitania, maneno hayakutoka sawa. Akainua. Wa kushoto ukashuka wenyewe.

Jumapili hiyo hiyo, hospitali, saa nane mchana
Wamempeleka kupima kichwa. Daktari kaniuliza dalili zilianza lini, saa ngapi, anatumia dawa gani, kaacha lini. Nimesema sikumbuki. Mwongo mimi! Daftari lilikuwa hapa mkobani, kila kitu kimo, saa na tarehe, kama nilivyotaka. Na Alhamisi imo.

Brigita kaja, kakaa pembeni yangu, kanishika bega. Hajui lolote. Kasema mama Clinton, hata kidogo unachokumbuka kitamsaidia. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi.

Mlango umefunguka, daktari anakuja. Ukurasa wa Alhamisi nimeushika kwa vidole viwili. Kuuchana ni rahisi tu —