Hema Lililokosekana Kisauni

Bibi, somo wangu,

Niahidi kwanza kwamba haya nitakayokuandikia yatabaki kwako. Usimwambie yeyote huko uliko, wala Babu. Unamjua Babu na siri. Ukimnong'oneza asubuhi, adhuhuri mtaa mzima unajua. Naogopa, Bibi. Naandika nikiwa nimeegemeza kiti mlangoni.

Nimerudi kutoka Sinai. Ndiyo, mimi, Dama wako uliyenipa jina lako, niliyekuwa nikitapika garini hata kabla hatujafika Mtwapa. Ofisi ya safari ninakofanya kazi, pale Mkomani, ilipeleka waumini kutembelea nchi za Biblia, na mimi karani nikatumwa kuchunga pasipoti zao. Katika pasipoti hizo nikaona ya Mjomba Karisa. Mwanao. Nilitaka kusema naumwa. Lakini ningesema naumwa nini? Hakuna aliyejua nilichosikia siku uliyouawa.

Ngoja nikiseme, maana sijawahi kukisema.

Mjomba alipofiwa na mtoto kwa homa, yeye mzee wa kanisa, alikwenda kwa mganga. Mganga akamwambia atazame karibu, mchawi aliyemla mtoto ni mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Macho yako, Bibi. Macho ya moshi wa kuni, wa mahamri yaliyotusomesha sote, hata yeye. Nilikuwa natoka kazini, Jumamosi mchana, nikakuta vijana wawili wenye mapanga wanakufukuza uchochoroni. Mkono wako wa kulia ulikuwa umeshakatwa, unaning'inia. Ulibisha kwa jirani, ukabisha kwa fundi cherehani, kwa adabu yako ile ile: "Hodi, wanangu. Hodi, jamani." Nami nikisikia makomeo yakifungwa kwa ndani. Ukafika geti la kanisa. Bawabu alikutazama kupitia tundu, akaondoka. Nilijitupa juu yako. Panga likanipasua mkono, teke likanitupa mtaroni. Damu yako ilinirukia usoni, ya moto. Na nyuma ya ua wa mabati nikasikia sauti niliyozoea kuisikia ikisali kila Jumapili:

"Mmalizeni kabla hajataja mtu."

Wakakumaliza.

Vijana wale walikamatwa, na hawajamtaja Mjomba. Polisi walipokuja hospitali kuchukua maelezo yangu, Mjomba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda changu, ananimenyea chungwa.

Jangwa silo nililolidhani. Ni mawe, Bibi, milima ya mawe mekundu kama nyama iliyochunwa, na kimya kinachoumiza masikio. Mchungaji aliyetuongoza alikuwa na somo kwa kila jiwe. Hapa Hajiri alilia. Pale Eliya aliomba afe. Siku moja, tukiwa bondeni, akahubiri juu ya Musa: alimuua Mmisri, akamfukia mchangani, akakimbilia jangwani, na bado Mungu akamtumia. "Amina!" Mjomba alipaza sauti kuliko wote, machozi yakimtiririka. "Amina, Bwana!"

Alikuwa amepata somo lake. Nami nikapata langu, maana nilikumbuka sehemu ambayo mchungaji aliiruka: Musa alitazama huku na huku asione mtu, lakini kesho yake kuna aliyemuuliza usoni kama anataka kumuua naye pia. Kumbe alionwa. Nikainua macho. Mjomba alikuwa ananitazama. Akajua.

Alipunguza mwendo, akanishika mkono tubaki nyuma, mpaka wenzetu wakapinda kona ya jabali.

"Dama, mjomba," akasema kwa upole, "siku ile mtaroni ulisikia nini?"

Unanijua, uso wangu haujui kuficha. Akaokota jiwe. La kwanza lilinipata begani, la pili likanichana sikio. Kisha akanikaba koo, akanibamiza mwambani, huku analia, Bibi, analia kama mtoto: "Alimla mwanangu! Mama yangu mzazi, alimla mwanangu!" Nilimng'ata kidole mpaka nikahisi mfupa. Akaniachia. Nikakimbia.

Nyuma ya jabali palikuwa na hema la manyoya meusi ya mbuzi, na mwanamke mzee akioka mkate majivuni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. Nilianguka miguuni pake. Hakuniuliza jina wala kosa. Alinivuta ndani, akasimama pale pa kuingilia. Mlango hakuna, ni kitambaa tu. Mjomba akafika na jiwe mkononi, anahema.

"Tunacheza tu, mama. Huyu ni mtoto wetu," akamwambia, kwa Kiswahili!

Yule bibi akanena maneno machache, bila kupaza sauti. Mwenyeji wa huko aliyekuwa akitutembeza alikuja mbio, akatufasiria: huyu ameingia kwangu, hata kama ameniulia mwanangu, utanipitia mimi kwanza.

Mjomba akaliangusha jiwe.

Nililia ndani ya lile hema kuliko nilivyolia kaburini kwako. Kitambaa kilitosha. Kisauni tuna mageti ya chuma na makufuli, na hakupatikana hata mtu mmoja wa kusema ameingia kwangu. Nilikuwa nikiamini Mungu alikuacha pale getini. Sasa naamini alisimama nawe kila ulipobisha, akingoja naye kufunguliwa.

Mjomba aliwaambia wenzetu nilianguka mwambani. Tangu turudi anapita Bombolulu nilikopanga, anawauliza majirani niko wapi. Jumatatu napanda kizimbani kutoa ushahidi katika kesi ya wale vijana, na nitalitaja jina la Mjomba mbele ya jaji. Naahidi. Najua ni mwanao. Najua ungesema, mwache, mjukuu wangu. Hilo siwezi, Bibi.

Usinitafute Bombolulu. Niko Likoni, kwa mama wa mwenzangu wa kazini, chumba cha uani kando ya tangi la maji. Ulikuwa ukiogopa feri. Sasa huna haja ya kuipanda. Ila usinijie usiku, nitapiga mayowe bure niwaamshe wenye nyumba. Njoo Jumatatu asubuhi, mahakamani, ukae benchi la nyuma. Sauti ikianza kunikatika, kohoa, vile ulivyokuwa ukikohoa kanisani mhubiri akirefusha maneno. Nitajua ni wewe, nami nitaendelea.

Pumzika, Bibi.

Somo wako,
Dama