Jozi Moja Zaidi Mlangoni

Jumanne, 3 Juni 2025

Mvua. Mtoni yote matope, nani atanunua bomba leo? Nimefunga duka mapema nikasoma. Kundi letu la hadithi WhatsApp lina watu mia mbili na kumi na mbili, na nadhani anayesoma kwa akili ni mie peke yangu.

"Temeke 2090": bahari imemeza mji, watu wanaishi juu ya maghorofa. Wazo zuri! Lakini shujaa kazaliwa 2041 na ana miaka thelathini. Toeni wenyewe. Nne kati ya kumi.

Ile ya jini aliyefungiwa kwenye kontena bandarini — saba. Hasira yake naielewa. Kaletwa mji asioujua, hakuna aliyekuja kumpokea. Nami nilishuka hapa na begi moja.

Halafu "Chumba Kisichopangishwa", ya mtu anayejiita Taa ya Chemli. Mama mwenye nyumba kila alfajiri anahesabu viatu vya wapangaji mlangoni, na kila siku imezidi jozi moja. Ya nani? Hatuambiwi! Sehemu ya kumi na mbili imekatia hapo hapo, wiki ya pili sasa tunavutwavutwa. Nimeandika kwa laini yangu ya pili, ile ya jina la Bi Spana ambayo hakuna ndugu anayeijua: "Huyu mama hana moyo hata kidogo. Mtu wa hivyo hayupo duniani. Mwandishi akaoshe vyombo, kalamu imemshinda. Mbili kati ya kumi."

Kundi zima kicheko. Ukweli ni ukweli.

Jumatano, 4 Juni

Taa ya Chemli kajibu: "Asante kwa maoni." Basi. Mtu kaweka picha ya sufuria zenye masizi. Nami nikatupia: "Sabuni ipo?"

Hiyo ya pili haikuwa na haja.

Jumapili, 8 Juni

Mdogo wangu Didas kaja kula na mkewe, Auleria. Nimepika ndizi nyama tangu asubuhi, wifi kaonja vijiko viwili. Nikamtania — wifi, umekonda, au Didas anakula na sahani yako? Kacheka kwa midomo tu. Kisha kakusanya vyombo vyote akaenda navyo uani. Nikamwambia acha, nitaosha. "Acha tu wifi, hii ndiyo kazi yangu." Nikaona heshima hiyo! Nikamsifia mbele ya mumewe.

Walipoondoka nikahesabu vijiko. Kumi na viwili, vimetimia.

Jumatatu, 9 Juni

Didas kapiga simu dukani. Anaongea chinichini. Dada, wifi yako halali, hali. Kumbe anaandikaga hadithi kwenye simu, mtoto akilala. Anajiita Taa ya Chemli. Kuna mwanamke mmoja kamponda kwenye kundi, Bi Spana sijui nani, tangu hapo hajaandika hata mstari. "Dada, we' unaogopwa, hebu mtafute huyo mama umpe vidonge vyake."

Nimesema sawa. Nimesema sawa!

Mteja kataka elbo, zile kona za bomba, za nusu inchi, nimempa za robo tatu. Mie. Miaka kumi na tisa kwenye bomba.

Lakini kwa nini hakuniambia? Didas nimemlea, ada nimelipa, harusi nimesimamia, halafu wa mwisho kujua ni mie? Nimekasirika mpaka jioni. Kisha nikakumbuka Krismasi. Nilisema mezani, kwa sauti, anayeandika mambo ya majini ni mtu aliyekosa kazi. Auleria ndiye aliyekuwa anapakua pilau.

Alhamisi, 12 Juni

Nimerudia "Chumba Kisichopangishwa" tangu sehemu ya kwanza. Bila kuruka.

Mama mwenye nyumba anapima maji ya simtanki kwa fimbo. Anahesabu vijiko wageni wakitoka. Akigombana na mtu anasema "kwangu hakipotei kitu".

Hayo maneno ni yangu. Fimbo ninayo, iko nyuma ya mlango.

Na sehemu ya tisa — niliiruka ile, nilidhani ni ya kujazia. Sehemu ya tisa, mama anafungua kile chumba asichokipangisha. Kumbe ni cha mdogo wake aliyeoa akahama. Kila Ijumaa anabadilisha shuka. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anapapasa mto, anatoka, anafunga. Hakuna damu, hakuna kelele, na mwili wote ulinisisimka.

Chumba cha Didas nakitandika mpaka leo. Sikujua kuna mtu aliona.

Nimeandika hana moyo. Kumbe mwandishi alimpa moyo. Mie ndiye niliyeuruka ukurasa.

Tisa kati ya kumi, na si kwa huruma. Moja nimeishika kwa sababu sijajua viatu ni vya nani.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi Taa ya Chemli katangaza: kesho anafuta sehemu zote, anajitoa kundini, tumsamehe kwa usumbufu. Watu wameweka vidole gumba. Vidole gumba!

Nimemwita Auleria aje peke yake. Kaja, kavua viatu barazani, "shikamoo wifi". Nimechemsha chai. Nimeuliza mtoto, nimeuliza kikohozi cha mama yake. Jambo lenyewe nalizunguka. Mie niliyewahi kumwambia diwani usoni kuwa ni mwongo!

Mwishowe nikafungua simu kwenye kundi, kwa laini ile, jina la Bi Spana liko juu wazi. Nilishaandika ujumbe: "Sehemu ya tisa sikuisoma. Nilihukumu bila kusoma. Usifute." Sijautuma. Nikaiweka simu mbele yake, nikasema wifi, soma hapo, nafuata sukari.

Sukari iko mezani. Niko chumbani kwa Didas, nimekaa ukingoni, naandika.

Hajaniita. Kijiko kiligonga kikombe mara moja tu. Kisha simu imelia — ule mlio wa ujumbe uliotumwa. Sijui katuma wangu au kaandika wake.

Mlango wa mbele umefunguka. Nasikia viatu vinasogezwa barazani. Geti halijalia, bado yupo.

Anavaa aondoke — au anahesabu jozi?